ProVent 200 kwenye Prado ya dizeli: kopo ni zuri, ila kazi iko kwenye mipira

Chomoa bomba linalopeleka hewa kwenye turbo la Prado yenye injini ya 1KD-FTV iliyotembea kilomita laki na kitu, upitishe kidole ndani. Kidole kitatoka na oili. Fuata njia hiyo ya hewa hadi kwenye intakula, kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo, utaikuta oili imetuama chini. Ukifika kwenye menifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, pale moshi wa EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa injini ndani ya injini) unapojiunga na hewa safi, oili na masizi vimeshagandamana vikawa lami, na tundu la kupitisha hewa limesinyaa. Gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi kwenye mlima, na mwenye gari anaambiwa abadilishe nozeli ambazo pengine hazina kosa.

Oili hiyo inatoka kwenye tumbo la injini. Kila injini, hata mpya, inavujisha gesi kidogo ya mwako kupitia ringi za pistoni. Gesi hiyo inachanganyika na ukungu wa oili, mvuke wa maji na masizi, kisha inatafuta pa kutokea. Toyota wameipa njia moja: mpira unaotoka kwenye kava la tapeti, kifuniko cha juu ya injini, na kuingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo, ili injini iumeze moshi wake yenyewe badala ya kuutupa nje. Kopo la kunasa oili, ambalo mafundi wengi wanaliita kechi keni, hukaa katikati ya mpira huo. Gesi inaendelea na safari yake kwenda kwenye turbo, oili inabaki kwenye kopo.

ProVent 200 ni kopo la aina hiyo, na inatengenezwa na Mann+Hummel, kampuni ya Ujerumani ya mjini Ludwigsburg iliyoanzishwa mwaka 1941, ambayo wengi tunaijua kwa filta za Mann. Namba 200 ni kiasi cha gesi ambacho kopo limekusudiwa kupitisha: lita 200 kwa dakika. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea una kipenyo cha milimita 25. Ndani kuna chujio la nyuzi laini zilizoshonana. Ukungu wa oili ukipita humo, vitone vinanasa kwenye nyuzi, vinaungana, vinakuwa vizito na kudondoka chini kwenye kikombe, na chini kabisa kuna tundu la kumwagia. Juu kuna valvu ya usalama: chujio likiziba, valvu inafunguka na kuiachia gesi nje kabla presha haijapanda kwenye tumbo la injini. Valvu hiyo pekee inatosha kuliweka kopo hili daraja la juu kuliko mengi yanayouzwa mitandaoni, kwa sababu injini iliyozibwa pumzi inasukuma oili kupitia oili sili za krenkshafti na kuinua dipstiki. Kibaya zaidi, oili inayotakiwa kurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kutoka kwenye turbo inakwama njiani, turbo linaanza kuvujia kwenye upande wa hewa, na unaishia kuongeza tatizo uliloenda kulitibu.

Linganisha na kopo la alumini linalong'aa, la bei rahisi, lenye kimpira cha plastiki pembeni cha kuonyesha kiwango cha oili. Mengi ya makopo hayo ni matupu. Gesi inaingia kwa mdomo mmoja na kutokea kwa mwingine sentimita chache pembeni, ikibeba ukungu wake wote. Mengine yana milimita 10 au 15 tu za mdomo. Ukitoka kwenye njia ya milimita 19 ukaingia kwenye ya milimita 10, eneo la kupitisha gesi limebaki zaidi kidogo ya robo ya lile la mwanzo, na hapo huitendei haki injini ya dizeli ya lita 3.0. Wapo wanaojazia stiluwaya ya kuoshea sufuria ili oili ipate pa kunasa. Usifanye hivyo kwenye gari lenye turbo. Stiluwaya ikipata mtikisiko inakatikakatika, na vipande vyake vinakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka kwa kasi ya ajabu. Na lile lenye kichujio kidogo juu cha kupumulia nje, liache kabisa: harufu ya oili itaingia ndani ya gari, boneti itachafuka, na kama fundi ameacha mpira mmoja bado umeunganishwa na bomba la hewa, turbo litavuta vumbi kupitia kichujio hicho kidogo badala ya eya klina.

Kabla ya kununua chochote, pima injini inavyopumua. Iwashe ipate moto, iache iungurume bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, ni kawaida ya dizeli. Kikirukaruka na kuanguka, huku moshi ukitoka kwa mapigo, una tatizo ambalo kopo halitalitibu. Kwenye 1KD usikimbilie kulaumu ringi. Injini hii inajulikana kwa washa za chini ya nozeli kupitisha gesi ya mwako hadi kwenye kava la tapeti. Gesi hiyo inapika oili, na makaa yake yanakwenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Hilo linaua injini. Rekebisha washa kwanza, halafu ndipo ufikirie kopo. Vilevile menifoldi na EGR zikiwa tayari na lami, zifunguliwe zisafishwe kabla, maana kopo linazuia oili mpya tu. Ile iliyokwishaganda haitaondoka yenyewe.

Sasa kufunga. ProVent ni kubwa kuliko picha zinavyoonyesha: weka akilini chupa ya maji ya lita moja iliyonenepa, kisha ongeza nafasi ya juu ya kuvutia chujio wakati wa kubadilisha, na nafasi ya chini ya mpira wa kumwagia. Kwenye Prado lazima litafutiwe pahali. Lisimame wima. Likae mbali na turbo na menifoldi ya moshi, kwa sababu oili ikiwa ya moto sana inabaki mvuke na kupenya chujioni. Kadiri kopo linavyopoa ndivyo linavyonasa. Lisiguse mipira ya breki, nyaya za ABS wala fenibelti. Na likae chini kuliko mdomo wa kava la tapeti, ili mpira wa kuingilia uwe na mteremko mmoja hadi kwenye kopo. Mpira ukining'inia katikati na kutengeneza tumbo, maji na oili vinatuama hapo, na kwenye asubuhi za baridi za Njombe au Limuru unakuwa umejiwekea kizibo.

Kishikizo kichongwe kwa bamba la chuma la milimita 3. Fundi yeyote wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, anakikata na kukikunja kwa muda mfupi ukimpa kipimo cha kadibodi ulichokijaribisha kwenye gari. Bamba la milimita 1.5 au 2 linaonekana linatosha gari likiwa limesimama; likipita kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, linapasuka pale pale kwenye tundu la bolti, na kopo linaachwa likining'inia kwenye mipira yake. Tumia matundu ya bolti yaliyokwishakuwepo kwenye bodi, ya M6 au M8, badala ya kutoboa mapya. Ukilazimika kutoboa, angalia upande wa pili kuna nini, na upake tundu rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

Mipira ndiyo sehemu inayoharibu kazi za watu wengi. Kosa la kwanza ni kununua mpira wa rejeta kwa kuwa ndio unaopatikana dukani wenye kipenyo hicho. Mpira wa maji mara nyingi ni wa EPDM, na EPDM haipatani na oili: baada ya muda unavimba, unalainika kama ulimi, na tabaka la ndani linabanduka na kuziba njia. Silikoni ya kawaida ya rangi ya bluu nayo inapendeza macho, lakini oili inapenya taratibu hadi nje na mpira unaanza kunata vumbi. Ulizia mpira wa naitraili, ulioandikwa NBR, au ule wenye tabaka la ndani la fluoro, ulioandikwa FKM. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha maandishi kwenye mpira, nenda kwa wauza mipira ya haidroliki na ya mafuta, siyo kwa wauza mipira ya rejeta.

Kosa la pili ni kukunja mpira mnyoofu. Mpira wa milimita 25 ukiukunja kwenye kona kali unabonyea, na ukipata moto unabonyea zaidi. Nunua viungo vilivyokwishaumbwa kona ya nyuzi 90 na 45. Pima kwa vernia mdomo wa kava la tapeti na ule wa bomba la hewa, kwa sababu vipimo hivyo hutofautiana na vya kopo, na utahitaji vipunguzio. Kanuni ni moja: njia yote, mwanzo hadi mwisho, isiwe nyembamba kuliko mdomo wa injini yenyewe. Injini inatikisika kwenye maunti zake huku kopo likiwa limefungwa kwenye bodi, kwa hiyo acha mpira uwe na ulegevu wa sentimita 3 hadi 5, na pale unapogusa kitu uvalishe kipande cha mpira mwingine uliopasuliwa.

Kazi yenyewe, vifaa vikiwa tayari, ni ya saa mbili au tatu. Subiri injini ipoe. Toa kava la plastiki la juu, legeza klipu za mpira wa kiwandani, na usiuvute; uzungushe kwanza kulia na kushoto uachie, kwa sababu midomo ya plastiki iliyopikwa na joto kwa miaka mingi inavunjika. Mdomo ulioachwa wazi kwenye bomba la turbo uzibe hapo hapo kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali, kisichoweza kusahaulika wala kuzama ndani. Futa oili iliyomo kwenye bomba. Funga kishikizo, funga kopo, ndipo ukate mipira kwa kisu kikali, kipande kimoja kimoja, ukianza kirefu kidogo na kupunguza. Mpira wa kava la tapeti uende kwenye mdomo ulioandikwa IN, mpira wa kwenda bomba la turbo utoke ulipoandikwa OUT. Ukibadilisha, gesi inapita chujio kinyumenyume na oili iliyonaswa inabebwa tena kwenda kwenye turbo, huku kikombe kikibaki kikavu na wewe ukidhani injini ni nzima kabisa. Klipu zikazwe hadi mpira usizunguke kwa mkono, basi. Midomo ya ProVent ni ya plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo. Ni imara, lakini fundi mwenye hasira na bisibisi anaweza kuipasua.

Mpira wa kumwagia unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Ndani ya kopo mna mvuto mdogo wa hewa, kwa kuwa upande mmoja umeunganishwa na bomba linalovutwa na turbo. Maana yake koki ya chini ikiwa haifungi vizuri, oili haitadondoka. Badala yake hewa ya nje itapanda. Hewa hiyo haijapita kwenye eya klina. Kwenye barabara ya vumbi nyuma ya lori, huo ni mchanga unaoingia kwenye turbo kila dakika, na hakuna taa itakayowaka kukuonya. Tumia koki ya shaba ya kuzungusha robo, ifungwe chini karibu na chesisi ambapo mkono unafika bila kupandisha gari, halafu mdomo wake uzibwe pia kwa kifuniko cha mpira. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 12 na urefu wa mita 1 unabeba takribani mililita 110 peke yake, kwa hiyo unakuwa akiba ya ziada kabla oili haijaanza kupanda kwenye kikombe. Wengine wanaurudisha mpira huo kwenye sampu kwa valvu ya kupitisha upande mmoja ili wasihangaike kumwaga. Sikubaliani nao. Kinachokusanyika humo kina maji, masizi na mafuta ya dizeli yasiyoungua, na valvu ndogo ya namna hiyo ikikwama wazi, kopo lote linakuwa halina maana.

Ukimaliza, toa kitambaa, hakikisha umekitoa, washa injini na usikilize kama kuna mlio wa hewa. Maji ya sabuni hayatakusaidia hapa, kwa kuwa hewa inavutwa ndani na hakuna povu litakalotoka. Baada ya kilomita 500 fungua boneti utazame viungo kwa tochi: alama ya oili yenye vumbi lililoshika ni kiungo kinachotoa, na mstari mwembamba wa vumbi ndani ya mdomo wa bomba la turbo ni kiungo kinachovuta. Hicho cha pili ndicho cha kukimbilia.

Kuhusu kiasi cha oili, mwezi wa kwanza baada ya kufunga kopo fungua koki kila wiki ndipo uamue ratiba yako. Gari la safari ndefu Dar es Salaam hadi Mbeya linatoa oili nyeusi, nyembamba, kidogo kidogo. Gari la kwenda sokoni na shuleni asubuhi, lisilopata moto vizuri, linatoa uji wa rangi ya maziwa. Huo ni maji yaliyochanganyika na oili, na ukiuona kwenye kopo peke yake hauna maana kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa. Uangalie pia kwenye dipstiki na kwenye rejeta kabla ya kuogopa. Cha kushtua ni mabadiliko: kopo lililokuwa likitoa kidogo likaanza kujaa ghafla linakuambia kuhusu ringi, washa za nozeli au turbo mapema kuliko moshi wa nyuma utakavyokuambia. Kwangu hiyo ni nusu ya thamani ya kifaa hiki. Unachomwaga kitie kwenye dumu la oili chafu ukipeleke gereji. Usikirudishe kwenye injini.

Kasoro za ProVent zipo. Bei yake ni mara kadhaa ya kopo la alumini, na chujio la kubadilisha nalo si la bei ya mchezo, wakati linahitaji kubadilishwa kila kilomita 30,000 hadi 40,000. Haliji na kishikizo, mipira wala koki isipokuwa ununue seti iliyopangwa kwa ajili ya gari lako, na seti hizo ndizo zinazopandisha bei zaidi. Halina dirisha la kuonyesha kiwango, kwa hiyo asiye na tabia ya kufungua koki atalisahau. Na kwa umbo na rangi linaigwa sana. Feki utaitambua ukifungua kifuniko: nyuzi za chujio zimelegea na zinaacha vumbi mkononi, oringi ni ngumu kama plastiki, na valvu ya juu imekwama ukiisukuma kwa kidole. Kopo la bandia lenye valvu iliyokwama ni hatari kuliko kutokuwa na kopo kabisa.

Siyo kila gari linalihitaji. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina turbo wala intakula ya kujaa oili. Fedha hiyo inunulie filta bora na oili. Vitz, IST, Premio nyingi na petroli nyingine zinazomwagia mafuta nyuma ya valvu zinajisafisha zenyewe kwa petroli. Magari ya petroli yanayomwagia mafuta ndani ya silinda moja kwa moja, kama TSI za Volkswagen, yanafaidika na kopo, lakini siyo hili: mvuto wa menifoldi ya petroli ni mkali sana kwa kopo lililoundwa kwa dizeli, na yanahitaji kopo lililofungwa imara lenye valvu zake. Hilux za 1KD na 2KD, Prado na Hilux za 1GD na 2GD, pamoja na Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ambayo menifoldi yake inajulikana kwa kuziba, ndizo za kuanza nazo. Kwenye CX-5 nafasi ni finyu, kwa hiyo jaribisha kadibodi ya ukubwa wa kopo chini ya boneti iliyofungwa kabla ya kutoa fedha. Na popote utakapolinunua, chukua chujio la pili siku hiyo hiyo, maana makopo yapo madukani kwa wingi kuliko machujio yake.